Sukari ya Damu na Moyo wa Mtu Asiyeugua: Historia Kutoka Nairobi

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikizunguka Kawangware, Kangemi na Dagoretti ni hili: "Sista, mimi sina ugonjwa wa sukari. Nala vizuri, nalala vizuri, naenda kazini. Mnataka damu yangu ya nini?" Ni swali la haki. Kidole kinauma kikidungwa, na hakuna mtu mzima anayependa kudungwa bure. Leo nitalijibu kwa njia ya historia, kwa maana madaktari walichukua karibu miaka mia moja kulipata jibu lake, na sehemu moja ya jibu hilo ilipatikana hapa hapa Nairobi, kwa vijana ambao hawakuwa wagonjwa.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka miwili baadaye, 1901, ilifunguliwa Native Civil Hospital yenye vitanda 40, ambayo mwaka 1952 ilipewa jina la King George VI na baada ya uhuru ikawa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kwa miaka mingi wadi zake zilijaa malaria, nimonia, kifua kikuu, vidonda na ajali za kazini. Mshtuko wa moyo, yaani ule unaokuja mishipa inayolisha moyo ikiziba, haukuwa ugonjwa wa kutarajiwa kwa Mwafrika.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya wenyeji wapatao 1,000. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri umri unavyosonga. Donnison aliona kwamba kwa watu wale, baada ya kupita miaka 40 haikupanda, bali ilielekea kushuka. Mwaka huo huo Dkt Hugh Trowell aliwasili Kenya kufanya kazi ya serikali, na mwaka 1935 akahamia Uganda, katika Hospitali ya Mulago. Trowell anakumbukwa zaidi kwa kazi yake juu ya kwashakoo ya watoto. Lakini mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha katika East African Medical Journal habari ya Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Msikilizaji, fikiria hilo: mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari ya kuandikwa jaridani. Leo muuguzi wa zamu ya usiku hawezi hata kumsimulia mwenzake kisa cha namna hiyo kama jambo la ajabu.

Kwa nini ugonjwa ule haukuonekana? Wako waliosema ni damu ya Mwafrika, kwamba ameumbwa hivyo. Mimi naona hilo lilikuwa jibu la mtu mvivu. Kwanza, wengi hawakufika hospitali kabisa. Pili, wengi walikufa wakiwa wachanga kwa malaria na nimonia, na moyo wa mtu aliyekufa akiwa na miaka 30 hauwezi kukuonyesha utakavyokuwa akiwa na 60. Trowell mwenyewe alikuja kusisitiza chakula na maisha, na uzeeni akaandika sana kuhusu makapi ya nafaka na mboga ambayo viwanda huyaondoa. Donnison naye aliandika kitabu mwaka 1937 akilaumu maisha mapya ya kisasa. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuonyesha kinachotokea ndani ya mwili mtu anapobadilisha maisha. Kipimo hicho kilikuwa kinatengenezwa ng'ambo, na kilitoka upande wa ugonjwa wa sukari.

Kabla hatujavuka bahari, tuelewane kuhusu sukari yenyewe. Ukichukua damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, sukari iliyomo asubuhi kabla hajala ni kama gramu 5 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Soda moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Kwa hivyo mtu akinywa soda pale steji, mwili wake unapokea vijiko 6 au 7 na unatakiwa kuvipitisha vyote bila damu kuzidi sana kile kijiko kimoja. Na mwili hautofautishi sana kati ya soda na mandazi au mkate mweupe. Wanga ukishasagwa tumboni huwa sukari.

Kazi hiyo ya kupitisha sukari hufanywa na insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod. Mwenzao James Collip aliisafisha ikafaa kudungwa mtu, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923.

Baada ya hapo watu walidhani mambo ni rahisi: mwenye kisukari hana insulini, mwenye afya anayo, basi. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London akaonyesha kwamba wako wagonjwa ambao ukiwadunga insulini miili yao haisikii vizuri. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walichapisha njia ya kupima insulini yenyewe katika damu, na ikaonekana kwamba watu wazima wengi wenye kisukari wanayo insulini, tena nyingine nyingi kuliko ya kawaida. Haikuwa imepungua. Ilikuwa haisikilizwi. Hali hiyo tunaiita ukinzani wa insulini. Mwaka 1988 Dkt Gerald Reaven wa Marekani akasema jambo linalotuhusu leo: ukinzani huo upo pia kwa watu wengi wasio na kisukari, na huandamana na presha ya juu na mafuta mabaya ya damu, mambo yanayoharibu moyo.

Sasa tuje kwenye moyo. Moyo haupumziki. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kwa hivyo haukubali kutegemea chakula cha aina moja. Usiku umelala, tumbo limetulia, insulini huwa kidogo. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huachiliwa polepole, na moyo hupata zaidi ya nusu ya nguvu zake kutoka kwa mafuta hayo. Asubuhi ukinywa chai na mkate, sukari hupanda na kongosho hutoa insulini. Insulini huzuia mafuta yasitoke ghalani, na wakati huo huo hufungua milango ili sukari iingie katika misuli, pamoja na msuli wa moyo. Moyo nao hugeuka ukaanza kuchoma sukari zaidi. Mtu mwenye afya hubadilisha hivyo mara kadhaa kila siku bila kujua, kama dereva wa matatu anavyobadilisha gia akipanda kuelekea Uthiru.

Lakini kazi ya insulini haiishii kwa sukari, na hapa naomba msikilizaji uwe makini. Insulini huilegeza mishipa midogo ya damu katika misuli ili chakula kipite. Huamsha pia zile neva zinazokimbiza moyo. Tena huziambia figo zibakize chumvi, zisiitoe yote kwa mkojo. Kwa mtu mwenye afya mambo haya hulingana: neva zinavuta huku, mishipa inalegea kule, na presha inabaki mahali pake. Baada ya mlo mkubwa moyo hupiga kasi kidogo, halafu hutulia. Hakuna la kuogopa. Mwili umeumbwa hivyo, na mtu asije akatoka hapa akisema sista amekataza watu kula ugali.

Shida huanza pale misuli inapokuwa mizito wa kusikia. Mtu ameongezeka kiunoni, anakaa siku nzima, analala usiku wa manane. Kongosho halikati tamaa, linaongeza insulini. Ukimpima sukari inatoka sawa kabisa, lakini ni kama mlango ulioshikiliwa na watu 10 badala ya mmoja. Na ile mishipa iliyozoea kulegea sasa hailegei vizuri, ilhali figo na neva bado zinaisikia insulini vizuri sana, na imeshakuwa nyingi. Chumvi inabaki mwilini, neva zinavuta, na upande wa pili hakuna anayelegeza. Moyo unasukuma damu kwenye mabomba yaliyokaza. Mwenyewe hasikii lolote. Anakwambia ana afya, na kwa kweli hajadanganya.

Sukari yenyewe ikiwa juu hugusa mishipa hata ya mtu asiye na ugonjwa wowote. Mwaka 1998 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo waliipandisha sukari ya watu wazima wenye afya kwa makusudi na kuishikilia juu kwa saa 6. Mishipa ya mkono ilipoteza sehemu ya uwezo wake wa kupanuka. Ni kweli kwamba sukari ile ilikuwa ya juu kuliko anayoipata mtu mwenye afya baada ya kula chapati. Hata hivyo inaonyesha kwamba ukuta wa mshipa hungoji miaka ndipo uhisi sukari.

Na je, jambo hilo huua? London walikuwa wamefuatilia wafanyakazi wa serikali wanaume zaidi ya 18,000, katika utafiti uitwao Whitehall ulioanza mwaka 1967. Walinyweshwa glukosi, na baada ya saa 2 wakapimwa sukari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba wale ambao sukari yao ilikuwa juu kuliko wenzao, hata kama hawakuwa na kisukari, walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara 2 ya wengine. Hao walikuwa makarani waliokwenda kazini kila siku na tai shingoni.

Mmoja wa wakuu wa utafiti ule, Geoffrey Rose, jina lake linaonekana tena katika utafiti wa hapa Nairobi, pamoja na Neil Poulter na wenzake, akiwamo M. Mugambi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Watafiti hawa walikwenda vijiji vya Waluo kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Victoria, mahali ambapo presha za watu zilikuwa chini, kama zile alizozipima Donnison miaka 60 kabla. Kisha wakawafuata wanakijiji waliohamia Nairobi kutafuta kazi, watu 325, wakiwalinganisha na wengine 267 waliobaki nyumbani. Walipimwa baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6, mwaka, hadi miaka 2.

Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule, pengine hata mama ni mmoja. Lakini presha za waliokuja mjini zilianza kuwa juu mapema, katika miezi ya kwanza tu, na tofauti ikaendelea kukua. Mapigo ya moyo yao yalikuwa ya haraka kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu, ile inayopatikana kwa mboga na matunda, imepungua. Hawa hawakuwa wazee wala wanene wa kupindukia. Walikuwa vijana wenye nguvu wa kubeba mizigo. Utafiti ule ulikuwa wa presha na chumvi, haukuwa wa kisukari, nami nauleta hapa kwa sababu figo zilizobakiza chumvi na neva zilizokimbiza moyo ni zile zile ambazo insulini huzigusa. Na kila ninapousoma nafurahi kwamba yale maneno ya damu ya Mwafrika yalifia hapa, katika mitaa yetu.

Ni nini basi kilichobadilika katika maisha ya mji? Mambo ni mengi, lakini nitashika mawili. La kwanza ni chakula. Kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922, na Mumias mwaka 1973. Katika muda wa vizazi viwili hivi, chai ya sukari na mkate mweupe ikawa kifungua kinywa cha mtu wa kawaida, na unga uliokobolewa ukachukua nafasi ya wimbi na mtama. Githeri bado ipo, nashukuru, na muuzaji wa githeri pale kibandani anasaidia mioyo ya watu bila kujua, kwa maana maharagwe huingiza sukari mwilini polepole.

La pili ni miguu. Mwaka 1953 Dkt Jerry Morris alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Mshtuko wa moyo uliwapata makondakta mara chache kuliko madereva. Baadaye Morris akapata hata vipimo vya sare zao, akaona kwamba madereva walivaa suruali pana kiunoni kuliko makondakta. Mimi hulikumbuka jambo hilo kila nikipanda matatu ya 46 kwenda Kawangware. Makanga anakimbia, ananing'inia, anashuka kila steji. Dereva amekaa tangu saa kumi na moja alfajiri, na soda iko karibu na gia.

Sababu yake tunaijua sasa. Msuli unapofanya kazi hujichukulia sukari wenyewe, bila kungoja insulini. Mtu anayetembea kutoka Kangemi hadi mjini, kilomita 9 hivi, amelipunguzia kongosho kazi kubwa, na misuli yake huendelea kuisikia insulini vizuri kwa saa nyingi baadaye. Najua wengi wanaotembea hawatembei kwa kupenda, ni nauli imekosekana. Siwaambii wafurahie umaskini. Lakini mara nyingi nimeona mtu akipata kazi ya ofisini au akinunua pikipiki, mwaka mmoja baadaye mshipi wake umeongezwa tundu.

Hali imefika wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha wakazi wa Nairobi na watu wa mashambani wa jamii za Waluo, Wakamba na Wamaasai, ulikuta kisukari kwa watu wapatao 12 kati ya kila 100 wa mjini, na 2 kati ya 100 mashambani. Mwingine wa Kibera, uliochapishwa mwaka 2013, ulipata karibu watu 5 kwa kila 100, katika mtaa ambao wengine hudhani hauna ugonjwa wa matajiri. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Waliowahi kupimwa presha walikuwa wengi kidogo, lakini hata huko zaidi ya nusu hawakuwahi.

Ndiyo sababu tunaomba damu ya mtu asiyeugua. Kidole kikidungwa asubuhi kabla ya kula, mashine ikisoma chini ya 6.1, sukari ni ya kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 si kisukari bado, lakini kongosho limeanza kushindwa na moyo umeanza kulipa. Hapo ndipo kutembea nusu saa kwa siku na kupunguza kiuno hufanya kazi kuliko dawa nyingi. Ikifika 7.0 au zaidi, tunakutuma kituo cha afya ipimwe tena kabla ya mtu yeyote kukuita mgonjwa. Na kwa kuwa nimeshasema sukari inaweza kutoka sawa huku insulini ikiwa juu, usikubali kupimwa kidole peke yake. Hatuna njia ya kupima insulini mlangoni pako, ila tuna utepe wa kupimia kiuno na mashine ya presha. Kwa mwanamume kiuno kikizidi sentimita 94, na kwa mwanamke 80, tunataka tuzungumze hata kama sukari ni 5.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya sukari na ya presha, na wanapita nyumba kwa nyumba. Ukimwona wako jioni, mwambie aje kesho mapema. Usile wala usinywe chai kwa saa 8 kabla yake. Maji matupu hayana neno. Kaa kitako dakika 5 kabla ya presha kupimwa, miguu chini, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Na wale mnaotoka nyumbani saa kumi na moja, mwombeni aje Jumapili.